Siku Nne za Juni 1815, Jumamosi Nane za Mwanza: Jinsi ya Kucheza Kampeni ya Napoleon

Ukicheza pambano moja la vita mezani, kwa askari wa kadi na dadu, na kuliacha hapohapo, utapigana kama mtu asiye na kesho. Utawatuma wapanda farasi wote kwenye mizinga, utaishikilia shamba moja mpaka kadi ya mwisho, kwa sababu jioni kila kitu kinarudi kwenye boksi na wafu wote wanafufuka. Kampeni, yaani mapambano yanayofuatana kwa majeshi yaleyale, haina ufufuo huo. Brigedi uliyoipoteza Jumamosi hii hutakuwa nayo Jumamosi ijayo, na mwenzako anajua. Hapo ndipo unapoanza kuelewa kwa nini majenerali wa enzi ile waliogopa kupigana kuliko tunavyodhani, na kwa nini kurudi nyuma kwa mpangilio kulihesabiwa kuwa ustadi.

Mwongozo huu ni wa kikundi kinachoanza bila chochote. Sisi tulianza hivyo, sebuleni Pasiansi hapa Mwanza, na hakuna aliyeagiza askari wa kuchongwa kutoka ng'ambo. Vifaa vyote nitakavyovitaja unavipata soko la Makoroboi au nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Chagua vita fupi

Wengi wanaoanza hutaka kwenda Urusi. Usiende. Napoleon alivuka mto Niemen tarehe 24 Juni 1812 akaingia Moscow katikati ya Septemba. Hiyo ni karibu miezi mitatu ya kutembea, njaa na vumbi. Kikundi chenu kitakuwa kimesambaratika kabla hamjaiona Borodino, uwanja wa pambano kubwa kabla ya Moscow.

Anza na kampeni ya Ubelgiji, tarehe 15 hadi 18 Juni 1815. Siku nne tu. Kutoka Charleroi, alipovukia Napoleon, hadi Brussels ni kilomita 50 na kitu, pungufu kidogo ya safari ya Mwanza mjini hadi Magu. Ndani ya eneo dogo hilo kuna majeshi matatu, na kila moja lina tatizo lake. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, ana watu wapatao 120,000. Mbele yake upande wa magharibi yuko Wellington, jenerali wa Waingereza, mwenye watu kama 93,000, Waingereza, Waholanzi, Wabelgiji na Wajerumani wa majimbo mbalimbali, wametawanyika kutoka Brussels hadi karibu na Mons. Upande wa mashariki yuko Blücher, mzee wa miaka 72, na Waprusi wake wanaokaribia 120,000.

Wakiungana, Napoleon amekwisha. Akiwahi kujipenyeza katikati yao, anaweza kumpiga mmoja kisha mwingine. Na hawa wawili wakishindwa, kila mmoja ana njia yake ya kukimbilia: Waprusi mashariki kuelekea Liège, Wellington kaskazini na magharibi kuelekea baharini. Yaani kila anayeokoa njia yake anamwacha mwenzake peke yake. Swali hilo moja linatosha kuwashughulisha watu wazima kwa miezi miwili.

Hatua ya 2: Tafuta mwamuzi kabla ya kutafuta wachezaji

Mnahitaji watu sita: watatu Wafaransa, mmoja Wellington, mmoja Blücher, na mwamuzi. Kwa Wafaransa, mmoja ni Napoleon, wa pili ni Ney anayeongoza upande wa kushoto, wa tatu Grouchy upande wa kulia. Mkiwa wengi zaidi, gawaneni kori, yaani majeshi madogo yanayounda jeshi kubwa.

Mwamuzi ndiye roho ya kampeni. Yeye peke yake ndiye anayeiona ramani nzima. Utaratibu huu ni wa zamani: afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliukamilisha mwaka 1824 ili kuwafunza maofisa wenzake, kwa ramani kubwa, vibao vidogo vya kuwakilisha vikosi, dadu, na mwamuzi aliyebeba amri kutoka kwa mchezaji mmoja hadi mwingine. Mchague mtu mwenye subira na mwenye daftari, asiyependelea. Mtu anayejua historia vizuri kuliko wote anafaa sana hapa, kwa sababu akiwa mchezaji atawaharibia wenzake kwa kujua kila kitakachotokea.

Halafu kubalianeni kalenda. Sisi mwendo wa ramani tunaufanya katikati ya wiki kwa simu, na mapambano tunapigana Jumamosi. Blücher wetu wa kwanza ana mtumbwi wa dagaa. Usiku wa giza yuko ziwani na karabai, anapatikana wiki ya mbalamwezi tu. Kwa hiyo mapambano makubwa tuliyapanga kwa mwezi mpevu, na hakuna aliyelalamika.

Hatua ya 3: Chora ramani

Chukua karatasi ya manila. Ichore miraba ya sentimita 3, miraba 20 kwa upana na 15 kwa urefu. Kila mraba ni kilomita 4, hivyo unapata eneo la kilomita 80 kutoka mashariki hadi magharibi na 60 kutoka kaskazini hadi kusini. Fungua ramani ya Ubelgiji kwenye simu na uhamishe miji hii: Brussels juu, Charleroi chini na mto Sambre unaopita hapo, Mons kusini-magharibi, Namur mashariki, Gosselies, Nivelles, Quatre Bras, Ligny, Sombreffe, Gembloux, Wavre, na Mont-Saint-Jean, kijiji kilicho kusini ya Waterloo, palipopiganwa pambano la mwisho tarehe 18. Barabara mbili ni lazima: ya Charleroi kwenda Brussels kupitia Quatre Bras, na ile ya Nivelles kwenda Namur inayoikata hapohapo Quatre Bras. Jina lenyewe lina maana ya mikono minne, kwa kuwa ni njia panda. Ongeza njia mbovu ya Wavre kwenda Waterloo. Umeshaona kampeni yote iliposimama.

Toa kopi nne za nakala ndogo, moja kwa kila upande na moja ya akiba. Ramani kubwa ibaki kwa mwamuzi, nyumbani kwake, mlango umefungwa.

Hatua ya 4: Tengeneza majeshi

Kadi moja ni askari 1,000. Kata manila vipande vya sentimita 4 kwa 3, chora askari watatu wa mbele kwa kalamu, paka rangi. Wafaransa buluu, Waingereza nyekundu, Waprusi nyeusi ili wasichanganywe na Wafaransa, ingawa koti lao halisi lilikuwa la buluu iliyokolea. Wapanda farasi wachore juu ya farasi, na mizinga ichore kama mizinga.

Tulisimamisha kadi za kwanza kwa kukunja karatasi chini. Upepo wa ziwa wa alasiri ukaingia dirishani na kuifuta Guard, kikosi teule cha Napoleon, nzima kwa pumzi moja. Dawa yake ni ndala zilizokwisha. Kata soli kwa wembe vipande vya sentimita 4 kwa 2, pasua ufa juu yake, chomeka kadi. Inasimama wima, ina uzito, na haitelezi. Ndala jozi moja inatoa vipande 35 hivi. Huhitaji kadi za majeshi yote matatu kwa wakati mmoja, kwa kuwa hayakutani yote mahali pamoja. Kadi 200 zinatosha, yaani jozi sita. Waulize majirani.

Nguvu za kila kori kwa kadi, nyingi zikiitwa kwa jina la kamanda wake, nimezisawazisha kidogo kwa ajili ya mchezo:

Wafaransa: d'Erlon 20, Reille 25, Vandamme 18, Gérard 16, Lobau 10, Guard 20, wapanda farasi wa akiba 13.
Waprusi: Zieten 30, Pirch 30, Thielmann 25, Bülow 30.
Wellington: Orange 30, Hill 27, akiba ya Brussels 25, wapanda farasi 11.

Katika kila kori ya askari wa miguu, kadi 2 ziwe za farasi. Juu ya idadi hiyo ongeza kadi 2 za mizinga kwa kila kori, na Guard ipewe 4.

Neno kori linahitaji maelezo, maana limebeba ujanja wote wa Napoleon. Ni jeshi dogo lililokamilika: lina askari wa miguu, farasi, mizinga na ofisi yake. Linaweza kutembea peke yake kwenye barabara yake, likikutana na adui kubwa likajishikilia siku nzima mpaka ndugu zake wafike. Kwa hiyo majeshi yanatawanyika ili yatembee na kula, na yanakusanyika ili yapigane. Mchezaji mgeni hukusanya kori zote kwenye barabara moja kwa hofu. Mwamuzi asimzuie, msongamano utamfundisha.

Hatua ya 5: Tembeza kwenye ramani

Siku ina zamu nne za saa sita sita: kuanzia saa 10 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 10 jioni, na saa 4 usiku. Mchana wa Juni kule Ubelgiji ni mrefu, si kama wetu hapa karibu na ikweta, kwa hiyo zamu tatu za kwanza zina mwanga.

Kwa zamu moja askari wa miguu anakwenda miraba 2 barabarani, mpanda farasi 3. Nje ya barabara ni mraba 1. Hakuna kukata kona. Kori ikitembea zamu mbili kwa siku, sawa. Ikitembea ya tatu, inaacha njiani kadi 1 katika kila 10. Ikiongeza na ya usiku, inaacha 2 katika kila 10. Hao hawajafa. Wamekaa chini ya miti na malengelenge miguuni. Kori ikipumzika zamu nzima, wanarudi.

Daraja moja linapitisha kori moja kwa zamu. Waliowahi kusubiri kivuko Kigongo kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025 hawahitaji kuelezwa. Tarehe 15 Juni Wafaransa walibanana hivyo pale Charleroi, na jioni sehemu ya jeshi ilikuwa bado kusini ya mto. Napoleon mzuri anatafuta madaraja mengine ya Sambre tangu zamu ya kwanza.

Mwanzo wa mchezo uwe huu: Wafaransa wote wako kusini ya Sambre. Zieten yuko karibu na Charleroi, Pirch Namur, Thielmann kusini-mashariki zaidi, na Bülow anaingia ukingo wa mashariki tarehe 17 asubuhi. Watu wa Wellington wako Nivelles, Mons na magharibi yake, akiba iko Brussels. Tarehe 17 mchana mvua kubwa inanyesha, na kuanzia hapo mpaka asubuhi ya tarehe 18 kila mwendo unapungua mraba 1. Usiwaambie wachezaji. Wenye kusoma historia watajua, na wengine watashangaa kama walivyoshangaa wenyewe.

Hatua ya 6: Barua

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Wachezaji wa upande mmoja hawaruhusiwi kuzungumza kuhusu kampeni. Wakikutana kwenye daladala wazungumzie mpira. Napoleon akitaka kumwambia Ney kitu, anamwandikia mwamuzi kwenye WhatsApp. Mwamuzi anapima umbali, maana mjumbe wa farasi huenda miraba 6 kwa zamu, na hakuna barua inayofika kabla ya zamu inayofuata. Kisha anarusha dadu. Ikitoa 1, mjumbe amepotea au amekamatwa. Ikitoa 2, amechelewa zamu moja zaidi. Kuanzia 3, imefika. Mwandishi haambiwi matokeo. Anabaki akisubiri jibu, na kusubiri huko kuna uzito kuliko pambano lenyewe. Nimeshawahi kuamka usiku wa manane kuangalia simu kama Grouchy amejibu.

Katika kampeni yetu ya pili, Napoleon alimwandikia Ney: «Njoo upesi kulia.» Kulia kwa nani? Ney alikuwa amegeukia kaskazini, Napoleon mashariki. Ney akazungusha kori nzima ya d'Erlon ikatembea zamu moja kuelekea pasipo na adui, na zamu nyingine kurudi. Tulikasirikiana kidogo, kisha mwamuzi akatukumbusha kwamba tumerudia yaliyotokea kweli. Tarehe 16 Juni 1815 d'Erlon na watu kama 20,000 walitembea mchana kutwa kati ya mapambano mawili ya siku hiyo, Quatre Bras na Ligny, wakakaribia uwanja wa Ligny, wakaitwa warudi, wakafika Quatre Bras pambano limekwisha. Hawakupigana popote. Miaka mingi kazi ya kuziandika amri za Napoleon vizuri ilikuwa ya Berthier, lakini Berthier alikufa tarehe 1 Juni mwaka huohuo, na nafasi yake ikashikwa na Soult, askari hodari asiyeizoea kazi hiyo.

Kwa hiyo amri iwe na mambo matano: saa na mahali inapoandikwa, nani afanye, apite njia gani, afike lini, na afanye nini mambo yakibadilika. Mfano:

«Tarehe 16, saa 4 asubuhi, Charleroi. Kwa Ney. Peleka kori ya Reille Quatre Bras kwa barabara ya Brussels, ifike kabla ya saa 10 jioni. D'Erlon abaki Gosselies mpaka nikuandikie. Ukikuta adui ana kadi zaidi ya 30, shika barabara, usishambulie, na niletee habari.»

Tumia majina ya miji na pande za dunia. Kulia, kushoto, mbele na nyuma yafuteni kabisa. Na kama jambo ni la kufa na kupona, tuma wajumbe wawili kwa njia mbili; mwamuzi atamrushia kila mmoja dadu yake.

Habari za adui nazo zije kwa barua. Mwamuzi anamwambia mchezaji kile tu ambacho wapanda farasi wake wanaweza kuona katika mraba wa jirani, tena kwa makadirio: «vumbi jingi barabara ya Namur, labda kadi 20 hadi 40.» Asiseme uongo, lakini asiseme zaidi ya vumbi. Kori isiyo na kadi za farasi haioni kitu.

Hatua ya 7: Kutoka ramani hadi mkeka

Maadui wakiingia mraba mmoja, kila kamanda anamtumia mwamuzi neno moja kwa siri: piga, shika, au ondoka. Wote wakisema ondoka, hakuna pambano. Mmoja akiondoka na mwingine akapiga, anayeondoka lazima aache kadi za nyuma za kumzuia adui, angalau 1 kwa kila 10, na pambano dogo hilo mwamuzi anaweza kuliamua kwa dadu chache.

Pambano kubwa linachezwa chini, juu ya mkeka, kwa eneo la sentimita 160 kwa 120. Sentimita 1 ni mita 50 hivi, kwa hiyo unapata mraba wa ramani uliofikia na vipande vya jirani zake. Tandika shuka la kijani, weka vitabu chini yake kwa vilima. Dodoki lililokatwa na kupakwa rangi ya kijani ni msitu mzuri ajabu. Viberiti ni nyumba, uzi wa buluu ni kijito. Mawe yetu ya Mwanza yaacheni nje. Najua yanavutia, lakini mashamba ya Ubelgiji yalikuwa ya ngano na shayiri iliyosimama juu, hakuna majabali, na Wellington alipotaka kuficha watu aliwalaza nyuma ya mgongo wa kilima. Sheria yake ni rahisi: kadi zilizo nyuma ya kilele hazionekani wala hazipigwi na mizinga mpaka adui afike kileleni.

Kori iliyo mraba wa jirani na yenye amri ya kuja, irushiwe dadu. Ongeza 2, hiyo ndiyo raundi itakayoingia, ukingo wa barabara yake. Isiyo na amri haiji, hata kama mizinga inasikika.

Hatua ya 8: Pigana

Raundi 12 ni zamu moja ya ramani. Kila raundi upande mmoja unatembea, wote wanapiga, kisha waliogusana wanapambana; halafu upande wa pili.

Panga kadi 3 hadi 5 kuwa brigedi. Zikiwa bega kwa bega ni mstari: unatembea sentimita 8, kadi zote zinapiga. Zikiwa moja nyuma ya nyingine ni safu nene: sentimita 15, kadi ya mbele tu ndiyo inayopiga. Zikigeukiana migongo ni mraba: haitembei. Farasi sentimita 25. Mizinga ama itembee 15 ama ipige.

Bunduki zinafika sentimita 5 tu, na hata hapo nimezipendelea. Kila kadi inarusha dadu moja, 5 na 6 zinajeruhi. Adui akiwa ndani ya nyumba au msitu, 6 peke yake. Mizinga inafika sentimita 20, kila kadi dadu mbili: ndani ya 10 zinajeruhi 5 na 6, mbali zaidi 6. Ikipiga mraba au safu nene, ongeza 1 kwenye kila dadu. Majeraha mawili, kadi inatoka.

Wakigusana, kila brigedi inarusha dadu moja na kuongeza idadi ya kadi zake. Farasi wakivamia mstari wanaongeza 2, wakivamia mraba wanapunguza 3. Anayeshika kilima au nyumba anaongeza 1. Aliyepata kidogo anapoteza kadi 1 na kurudi sentimita 15. Tofauti ikiwa 4 au zaidi, kadi 2. Brigedi iliyopoteza nusu irushe dadu: 4 na kuendelea inabaki, chini ya hapo inakimbia.

Farasi wakiwa ndani ya sentimita 25, brigedi inayotaka kujipanga mraba lazima ipate 3 au zaidi. Angalia mzunguko huu: farasi wanaitia hofu mistari, mraba unawazuia farasi, mizinga inaupasua mraba. Pale Waterloo alasiri Ney aliwatuma maelfu ya wapanda farasi mara kwa mara kwenye miraba ya Wellington bila askari wa miguu wa kutosha nyuma yao, na miraba ikasimama. Atakayejaribu hivyo kwenye mkeka wenu ataona sababu ndani ya raundi mbili.

Hatua ya 9: Usiku baada ya pambano

Kadi zilizotoka msizirudishe kwenye boksi. Ziwekeni kando, kila upande rundo lake, maana si zote ni maiti. Wengi ni majeruhi wa kupona, waliotoroka, waliopotezana na wenzao.

Rushieni kila kadi dadu moja. Aliyebaki na uwanja anazirudisha zilizopata 4, 5 au 6. Aliyeondoka kwa amri, kabla nusu ya brigedi zake hazijakimbia, anazirudisha zilizopata 5 au 6. Aliyevunjika na kukimbia anapata za 6 tu. Zinarudi baada ya usiku mmoja wa kupumzika.

Kisha kuna kufukuza. Mshindi ahesabu kadi za farasi ambazo hazikupambana katika raundi 3 za mwisho. Kila moja inarusha dadu, na kwa 5 au 6 inaondoa kabisa kadi moja ya aliyeshindwa. Lakini kila kadi ya nyuma iliyoachwa na aliyeshindwa, ikiwa mzima, inafuta moja ya hizo. Mtu aliyemaliza farasi wake wote kutafuta ushindi wa saa 8 mchana hana wa kumfukuzia adui jioni.

Pigeni hesabu mara moja mtaona tofauti. Umepoteza kadi 24. Ukiondoka mapema, kama 8 zinarudi. Ukingoja kuvunjika, zinarudi 4, na wafukuzaji wanachukua nyingine. Mwalimu mmoja wa hisabati aliyecheza kwetu kama Blücher aliiona hesabu hiyo kabla yetu sote. Pale Ligny aliagiza kuondoka raundi ya 8, huku sisi Wafaransa tukishangilia. Akaenda kaskazini Wavre, akaiacha njia yake ya Liège, kama walivyofanya Waprusi wenyewe usiku ule baada ya mzee Blücher kuangukiwa na farasi wake na Gneisenau, msaidizi wake mkuu, kushika uongozi. Sisi tulimtuma Grouchy na kadi 33 kumtafuta, kama Napoleon, na kwa kuchelewa vilevile. Majuma mawili baadaye nilikuwa mbele ya Mont-Saint-Jean, raundi ya 7, Wellington ameyumba, mwamuzi akaja na kisahani cha kadi nyeusi akaziweka ukingo wa mashariki wa mkeka, moja baada ya nyingine, bila kusema neno.

Mchezaji atakayewahi kuona kisahani hicho hatapigana tena mpaka kadi ya mwisho.

Hatua ya 10: Kufunga hesabu

Kampeni inaisha usiku wa tarehe 18. Napoleon akiwa na kadi 30 au zaidi Brussels, ameshinda. Asipofika, lakini akawa na kadi nyingi kuliko jeshi mojawapo la adui lililobaki, na majeshi hayo mawili yako mbali zaidi ya miraba 5, ni sare inayomnufaisha. Vinginevyo washirika wameshinda.

Kadi zitieni kwenye boksi la viatu pamoja na majani makavu ya mwarobaini, maana mende wanapenda gundi. Kisha kaeni chini, agizeni sato, na mwamuzi afungue daftari lake. Asome zamu kwa zamu, kwa sauti: nani alikuwa wapi, barua gani ilifika, ipi ilipotea na ilisema nini. Msimkatize. Mtasikia kwamba tarehe 16 saa 10 jioni mlikuwa mraba mmoja kutoka kwa kori isiyo na mlinzi, na kwamba mjumbe aliyebeba habari hiyo alipata 1.